Jina la Washington Lilikotoka

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

  Sisi huku hatujambo, ila goti langu linanisumbua kila masika yakikaribia. Picha ya mchumba wako ilifika, ikazunguka nyumba nzima, na mpaka leo mama yako mdogo hajairudisha.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza. Baba yako alipowaambia wazee kwamba umeposwa na kijana Mmarekani mweusi, waliuliza kama inavyoulizwa siku zote: mtoto wa nani, wa ukoo gani? Alipotaja jina Washington, ubishi ukaanza. Mmoja akasema hilo ni jina la rais wa kwanza wa Marekani, basi kijana ana damu ya rais. Mwingine akasema ni jina la bwana aliyemmiliki babu yake, na mtu wa namna hiyo ukoo atautoa wapi? Babu yako wa Pangani akafunga kikao kwa methali: mwacha asili ni mtumwa. Baba yako amenyamaza, na unajua akinyamaza.

Mimi nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na nakwambia wote wawili wamekosea. Nakuandikia kwa urefu ili uwe na la kuwajibu, na zaidi ili ulijue jina ambalo wanao watalibeba. Wewe mwenyewe utabaki binti wa baba yako, hilo kwetu halina mjadala. Lakini watoto wataitwa Washington.

Nianze Uingereza, maana jina ni la huko. Zamani Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo. Kabla Wanormani hawajavuka bahari kutoka Ufaransa na kuiteka nchi mwaka 1066, mtu aliitwa jina moja na likamtosha. Mabwana wapya ndio walioanza kujiita kwa mashamba yao, ili ardhi ijulikane ni ya nani na mwana arithi bila ubishi. Watu wa kawaida wakafuata polepole, na ilipofika miaka ya 1400 Waingereza wengi walikuwa na jina linalorithiwa. Majina hayo yalitoka kwenye mambo manne: mahali, kazi, jina la baba, au utani. Smith ni mhunzi, Baker ni muoka mikate, Johnson ni mwana wa John, Hill ni mtu wa kilimani, na Short babu yake alikuwa mfupi. Hakuna la ajabu hapo. Hata hapa mtaani kwetu kuna watu wanaitwa wa kwa Fundi, na fundi mwenyewe alishazikwa zamani, wajukuu wake ni makarani.

Washington ni jina la mahali. Kaskazini mashariki ya Uingereza, kati ya mto Tyne na mto Wear, upo mji wenye jina hilo, siku hizi ukiwa chini ya Sunderland. Mwaka 1183 askofu wa Durham, Hugh du Puiset, aliamuru mali zake zote ziorodheshwe, na orodha hiyo ipo mpaka leo. Humo ametajwa William de Hertburn, aliyebadilishana ardhi na askofu: yeye aache Hertburn, apewe Washington. Sharti lake lilikuwa kulipa paundi 4, na askofu akitoka kwenda mawindo makubwa, William apeleke mbwa wanne wa kuwindia. Alipokwisha kuhamia, yeye na wanawe wakaanza kuitwa kwa kijiji kipya. Lau mabadilishano yale yasingefanyika, huenda mji mkuu wa Marekani leo ungeitwa Hertburn. Damu ilikuwa ileile. Lililobadilika ni shamba, na jina likafuata shamba.

Nilipokuwa Newcastle nikisomea ualimu nilipanda basi nikaenda kuiona nyumba yao ya kale. Ni nyumba ya mawe, si kubwa kama nilivyotarajia. Sehemu kubwa ya jengo ni ya miaka ya 1600, wakati Washington wenyewe walikuwa wameshaondoka zamani, kwa sababu milki ile iliingia ukoo mwingine kwa njia ya binti aliyeolewa. Kilichobaki cha enzi zao ni kama matao mawili ya mawe kati ya jiko na ukumbi. Baadaye nyumba iligawanywa vyumba, ikapangishwa kwa familia nyingi za wafanyakazi, mpaka ikaonekana haifai kukaliwa na watu. Ilikuwa karibu kubomolewa mwalimu mmoja wa hapo, Frederick Hill, alipoanzisha juhudi za kuiokoa mwaka 1936. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter alifika mjini hapo, akapanda mti. Nembo ya ukoo huo, ngao nyeupe yenye mistari miwili myekundu na nyota tatu nyekundu juu yake, utaiona kila siku ukipita Washington, D.C.: ndiyo bendera ya jiji tangu 1938.

Tawi moja la ukoo lilihamia upande wa magharibi, Westmorland na Lancashire. Huko alitoka Lawrence Washington, aliyeshuka mpaka Northampton, akafanya biashara ya sufu, akawa meya, na mwaka 1539 akanunua Sulgrave, ardhi iliyokuwa ya watawa kabla Mfalme Henry wa Nane hajawanyang'anya. Kizazi hadi kizazi mali ikapungua. Kitukuu wake, naye akiitwa Lawrence, alikuwa kasisi wa Purleigh, Essex. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1643, watu wa Bunge walimfukuza kanisani kwa tuhuma kwamba anashinda vilabuni akinywa pombe. Familia ikabaki haina kitu.

Mtoto wa kasisi huyo, John, akaingia baharini. Mwanzoni mwa 1657 alikuwa Virginia akifanya kazi katika jahazi la biashara, Sea Horse, lililokuja kupakia tumbaku. Wakati wa kuondoka, jahazi likakwama katika mto Potomac, likaingia maji, na tumbaku ikaharibika. John hakurudi tena kwao. Alimwoa Anne Pope, binti wa tajiri wa pale, na baba mkwe akawapa ekari 700. Huo ndio mwanzo wa Washington wa Marekani: baharia mtoto wa kasisi aliyefukuzwa kazi, aliyeinuliwa na mahari ya upande wa mke. Yule mzee anayetamani damu ya rais mwambie hili kwanza.

George Washington ni kitukuu wa John. Alizaliwa tarehe 22 Februari 1732, na baba yake alipofariki mwaka 1743, mtoto huyo wa miaka 11 alirithi watumwa 10. Mwaka 1799, mwaka aliofariki, shambani kwake Mount Vernon kulikuwa na watumwa 317. Kati yao 123 walikuwa wake mwenyewe. Waliobaki wengi wao walikuwa wa urithi wa mume wa kwanza wa mkewe Martha, na wengine alikuwa amewakodi. Katika wasia wake aliandika kwamba walio wake wapewe uhuru, na Martha akawaachia tarehe 1 Januari 1801. Wale wa urithi hakuwa na mamlaka juu yao, wakagawanywa kwa wajukuu wa Martha, mume akienda huku na mke kule. Shamba lenyewe lilimwangukia mtoto wa ndugu yake, Bushrod Washington, jaji wa Mahakama ya Juu. Mwaka 1821 jaji huyo aliuza watu zaidi ya 50 wakapelekwa Louisiana. George mwenyewe hakuzaa. Kwa hiyo yeyote anayeitwa Washington leo, mweupe au mweusi, si mjukuu wake. Hoja ya damu ya rais imekwisha hapo.

Sasa ile ya pili, kwamba jina walipachikwa na bwana. Hapa nataka nikutajie watu wawili.

Wa kwanza ni Harry. Alizaliwa karibu na mto Gambia yapata 1740, akavushwa bahari, na George Washington akamnunua mwaka 1763. Alichimba mifereji katika kinamasi, kisha akapelekwa Mount Vernon kuangalia farasi. Mwaka 1776, bwana wake akiwa jemadari wa vita vya kudai uhuru wa Marekani, Harry naye alidai wa kwake: alitoroka akajiunga na Waingereza, waliokuwa wameahidi uhuru kwa watumwa wa waasi. Vita vilipokwisha mwaka 1783, Waingereza walikaa bandarini New York wakiandika daftari la watu weusi watakaoondoka nao, wapatao 3,000. Ukilisoma daftari lile unamkuta: Harry Washington, umri miaka 43, mtu mwenye nguvu zake, zamani mali ya Jenerali Washington, aliondoka kwake miaka saba iliyopita. Karani aliandika hayo wakati jenerali mwenyewe akidai watumwa warudishwe. Harry akaenda Nova Scotia, na mwaka 1792 akavuka tena bahari kurudi Afrika, akawa miongoni mwa walioanzisha Freetown, Sierra Leone. Mwaka 1800 alikuwa katika kundi lililoasi kampuni ya Kiingereza kwa sababu ya kodi ya ardhi, akahukumiwa na kufukuzwa mjini. Kwa hiyo Washington wawili, bwana na aliyekuwa mtumwa wake, kila mmoja aliwaasi Waingereza kwa ajili ya kodi. Mmoja picha yake iko kwenye noti ya dola. Mwingine hata walimu wa historia wengi hawamjui.

Wa pili ni Booker. Alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856. Baada ya uhuru mama yake aliwachukua watoto wakaenda Malden, West Virginia, ambako mtoto alifanya kazi kwenye matanuri ya chumvi kisha akaruhusiwa kwenda shule. Siku ya kwanza mwalimu akaita majina. Mtoto anasikiliza, kila mwenzake ana majina mawili, wengine matatu, na yeye tangu azaliwe anaitwa Booker tu. Zamu inamkaribia. Mwalimu alipomfikia, akajibu bila kusita kwamba anaitwa Booker Washington. Washington lilikuwa jina la kwanza la baba yake wa kambo. Baadaye mama yake akamwambia kwamba alipozaliwa alimpa pia jina Taliaferro, naye akaliweka katikati. Hiyo ndiyo hati yote ya kuzaliwa kwa jina la Booker T. Washington, mtu aliyeanzisha chuo cha Tuskegee mwaka 1881, na ambaye mawazo yake ya elimu ya ufundi yalifika mpaka Kabete, Kenya, shule ya Jeanes ilipofunguliwa mwaka 1925. Hakuna bwana aliyempa. Alijipa mwenyewe, darasani, akiwa mtoto.

Walifanya hivyo watu wengi mno. Chini ya utumwa sheria haikumtambulia mtu jina la ukoo. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la mwenye mali kwa umri, jinsia na rangi tu, majina hayakuandikwa. Wao kwa wao walikuwa na majina ya familia, lakini wengi hawakuyataja mbele ya bwana. Uhuru ulipokamilika kisheria mwezi Desemba 1865, watu milioni nne walihitaji jina la kuandikia ndoa, mshahara na shule. Wengine walichukua jina la bwana wa mwisho. Wengine walichukua la bwana wa zamani zaidi, kwa hesabu kwamba ndugu waliouzwa mbali wanalikumbuka hilo na wataweza kuwatafuta kwalo. Wengine walichukua la baba, na wengine la mtu mashuhuri. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika wote kwa majina yao, na humo utawakuta akina Washington weusi wengi.

Matokeo yake ni haya. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 2000, watu 163,036 waliitwa Washington, na asilimia 90 kati yao walikuwa weusi. Jina la kijiji cha askofu wa Durham, kwa hesabu ya vichwa, limekuwa jina la watu weusi. Limefika hata kwetu Afrika Mashariki kama jina la kwanza. Profesa Washington Okumu wa Kenya, aliyesaidia kumshawishi Mangosuthu Buthelezi kuingia katika uchaguzi wa Afrika Kusini mwaka 1994, hakuwa na asili ya Durham wala ya Virginia.

Na hao wazee wasijifanye mambo haya ni ya mbali. Ukivuka daraja la Nyali, Mombasa, ukafika Kengeleni, umefika Freretown, mahali wamisionari wa Kianglikana walipowaweka watumwa walioachiwa huru kuanzia 1875. Wengi wao, na wengine waliolelewa India kabla yao, walipewa majina ya Kiingereza. Jacob Wainwright alikuwa Myao. Alitekwa utotoni, akaokolewa na Waingereza, akasomeshwa Nasik, India, na huko akapata jina ambalo kwa asili ni la mafundi wa mikokoteni wa Uingereza. Ni mmoja wa wale waliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo, na mwaka 1874 alikuwa kati ya walioshika jeneza lake katika kanisa la Westminster, London. Alifariki Urambo mwaka 1892. Je, Wainwright aliacha asili? Asili yake iliibwa, akabaki na jina alilopewa, akalibeba kwa heshima katika safari ambayo wenye ukoo wao hawakuithubutu. Ile methali ya babu yako ni ya kweli kwa mtu anayetupa kwao kwa hiari. Kwa aliyenyakuliwa, kuitumia ni kumwonea.

Kama bado watashikilia kwamba jina la Kiingereza ni mstari mnyoofu wa damu, waambie hata Waingereza wenyewe haliwaambii hivyo. Mtaalamu wa vinasaba wa Oxford, Bryan Sykes, aliwapima wanaume 48 wenye jina lake la Sykes ambao hawakujijua kuwa ndugu, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000. Karibu nusu yao walikuwa na alama ileile ya kurithi kwa baba, dalili kwamba wametoka kwa mtu mmoja wa zamani. Waliobaki walikuwa na alama tofauti, kwa sababu katika miaka mia saba watoto huasiliwa, wake huzaa nje, na watu hujibadilisha majina. Wanalo jina moja, wana mababu wengi.

Kwa hiyo, mwanangu, jina la mchumba wako usilionee aibu wala usilivimbie kichwa. Usimwambie kwamba ni jina la mtumwa, maana hujui ni nani katika ukoo wake aliyelichagua na kwa sababu gani. Muulize. Yeye naye, ukiniruhusu, akamuulize bibi yake angali hai. Bibi yake anatoka kaunti gani? Wazee wake waliandikwa wapi mwaka 1870? Kuna daftari za benki ya walioachiwa huru, ya 1865 hadi 1874, ambamo mteja aliandikisha wazazi wake, ndugu zake, na mara nyingine shamba alikotumikishwa. Zipo wazi kwa kila mtu, na wewe uko huko karibu. Ukifika mahali ambapo maandishi yanakatika, andika majina ya wanawake, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliokumbukwa na familia wakati karani hakuwaandika. Hiyo ndiyo zawadi ya harusi ninayoitaka kwenu, orodha hiyo, kwa mkono wako, nakala mbili, moja ije kwangu.

Baba yako nimeshamwambia, na wazee nitawaambia mwenyewe Ijumaa baada ya sala: kijana aulizwe dini yake, kazi yake na mwenendo wake, kama angeulizwa kijana wa Pangani au wa Korogwe. Akijibu vizuri, posa ipokewe. Jina lake si hoja.

Wasalimie wote. Mama yako mdogo anasema kijana aongezewe kula.

Wasalaam,
Shangazi yako